Pepa na Nyanda za Juu za Marungu: Historia ya Huduma katika Mji Mdogo

Walioandika historia ya ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika wamezoea kutazama nchi hiyo kutoka chomboni. Hutaja bandari, vituo na ngome za kando ya maji, kisha huinua macho, huona safu ya milima, na habari huishia hapo. Pepa iko juu ya milima hiyo. Ni mji mdogo wa nyanda za juu za Marungu, katika teritwari ya Moba, upande wa barabara iendayo kusini kuelekea Pweto na Ziwa Mweru. Kabla ya 2015 ulihesabiwa katika jimbo la Katanga. Tangu mwaka huo, Katanga ilipogawanywa, umo katika jimbo la Tanganyika ambalo makao yake makuu ni Kalemie.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi huduma za jamii, yaani shule, matibabu, barabara na hifadhi ya wanyonge, zilivyoingia katika nyanda hizo, na yaliyozipata baadaye. Hoja yetu ni kwamba huduma hizo kila mara zilikuwa na mwenyewe: ngome, misheni, kampuni, chama au shirika la msaada. Kila mwenyewe alipoondoka, kilichobaki kilitegemea idadi ya wenyeji waliokuwa wamefundishwa kuziendesha, na lugha waliyofundishwa kwayo. Kwa sababu hiyo historia ya Pepa haiwezi kutengwa na ile ya Mpala na Kirungu, ambako mambo hayo yalianzia, wala haiwezi kutengwa na historia ya Kiswahili.

Umbo la nchi linaeleza mengi. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mwinuko wa mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali nyanda za Marungu hupita mita 2,000. Mto Mulobozi unazikata sehemu mbili, na sehemu ya kusini ndiyo pana na ndefu zaidi kwa kimo. Anayepanda kutoka Moba huliacha joto la ziwa na kuingia katika baridi, ukungu na majani mafupi. Misitu imebaki kandokando ya mito tu. Katika misitu hiyo ya mitoni yumo ndege mdogo, chozi aliyepewa jina la Prigogine, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Tunamtaja kwa sababu tishio lake kuu, ukataji wa miti na kwato za ng'ombe kandokando ya maji, limetoka katika historia hiihii tunayoieleza.

Wenyeji wa Marungu ni Watabwa, ambao ndugu zao wako pia upande wa Zambia. Katikati ya karne ya 19 nchi yao iliingia katika mtandao wa biashara ya pembe na watumwa uliofungamana na Ujiji na Zanzibar. Msomaji wa Kiswahili anayo hati moja adhimu kuhusu zama hizo: maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Humo anaeleza jinsi alivyomshinda Nsama wa Itabwa, kusini ya Marungu, mwaka 1867. Ushindi huo ulifungua njia za misafara, na pamoja na misafara hiyo kikaingia Kiswahili cha waungwana, ambacho kizazi chake kiliitwa Kingwana huko Kongo. Kwa hiyo lugha ilitangulia shule. Ilifika ikiwa lugha ya bei, ya bunduki na ya mateka, na sifa hiyo haikuifutika upesi masikioni mwa Watabwa.

Mwaka 1883 luteni Mbelgiji, Émile Storms, akitumikia Shirika la Kimataifa la Afrika lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II, alivuka ziwa kutoka Karema na kujenga kituo kwenye mlango wa mto Lufuko, kwa mtemi aitwaye Mpala. Kituo kikaitwa kwa jina la mtemi huyo. Wakati ule mwenye nguvu kubwa juu ya milima alikuwa Lusinga, mtemi wa Kitabwa aliyejitajirisha kwa biashara ya watumwa. Mnamo Desemba 1884 watu wa Storms waliuvamia mji wake, wakamwua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, nalo sanamu lake la ukoo likaishia katika makumbusho ya Tervuren. Storms mwenyewe alitengenezewa sanamu mjini Brussels, ambalo liliondolewa mwaka 2022. Ni kweli kwamba Lusinga alikuwa mtesi wa jirani zake. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba taasisi ya kwanza ya kigeni iliyodai kuwaletea watu wa Marungu amani na maendeleo ilianza kazi yake huko mlimani kwa kichwa cha mtu.

Mwaka uliofuata, 1885, Leopold aliamua kuelekeza nguvu zake kwenye mto Kongo, na vituo vya Karema na Mpala vikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Walipokea ngome pamoja na silaha zake, askari wake na watu waliokimbilia chini ya kuta zake. Lavigerie alikuwa na ndoto ya kuona ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na kwa muda mfupi Mpala ilifanana nao. Mwaka 1887 aliwasili Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, akakabidhiwa ulinzi. Alijenga kituo chake cha Mtakatifu Louis huko Mrumbi, akaoa mwanamke wa nchi, Agnes Atakaye, na mnamo 1891 na 1892 alipigana na watu wa Rumaliza wa Ujiji, na msafara wa Wabelgiji chini ya Jules Jacques ukafika kumsaidia. Joubert hakurudi tena Ulaya. Alifariki mwaka 1927, akiwa amekaa ziwani miaka 40.

Huduma ya kwanza, basi, ilikuwa ulinzi. Mtu aliyekimbia utumwa, mjane asiye na wa kumtetea, au kijiji kilichochomwa, wote walipata mahali pa kulala bila hofu. Huduma ya pili ilikuwa makao ya yatima, na hapa neno lenyewe linahitaji kufafanuliwa: wengi wa watoto hao walikuwa wamekombolewa, yaani wamenunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara ili waachwe huru. Walilelewa, wakafundishwa imani, kilimo na ufundi, wakaozeshwa wao kwa wao, kisha wakapewa mashamba katika vijiji vya Kikristo. Bei ya hifadhi hiyo ilikuwa utii. Mapadri na Joubert waliamua kesi, wakatoza faini, wakatoa adhabu. Aliyetaka kuondoka hakuondoka kwa hiari yake tu. Baadhi ya waandishi wa misheni wamelipita jambo hili kimya, na baadhi ya wakosoaji wao wameona hilo peke yake. Aliyekuwa amefungwa mnyororo mwaka 1886, akaonja amri ya padri mwaka 1888, bila shaka alijua tofauti kati ya mambo hayo mawili, na alijua pia kwamba hayo yote hayakuwa uhuru.

Watoto waliokombolewa walitoka mataifa mengi: walikuwamo Watabwa, Waluba, Waholoholo, Wabemba na wengineo. Hawakuwa na lugha moja ya mama. Lililowaunganisha ni lile walilolisikia njiani katika minyororo, yaani Kiswahili. Mapadri, ambao wengine walikuwa wamekwisha kujifunza Kiswahili Zanzibar na Tabora, walikikuta tayari, wakakichukua na kukitengeneza. Kikawa lugha ya katekisimu, ya sala, ya hesabu na ya mwito wa kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo, ameonyesha jinsi Wazungu walivyokichukua Kiswahili kuwa chombo cha kuamuru. Hoja yake ina nguvu, hasa kwa migodi ya kusini. Huko Marungu, hata hivyo, mambo yalikwenda njia mbili. Chombo cha kuamuru kilikuwa pia chombo cha kusoma, na aliyefundishwa kusoma hawezi kuzuiliwa asisome zaidi ya alichopewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Stefano Kaoze. Alizaliwa katika nchi ya Mpala mnamo miaka ya 1880, akasomeshwa katika seminari ambayo Mapadri Weupe waliianzisha hapo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1893 misheni ilikuwa imekwisha kuanzisha kituo kipya kusini zaidi, Kirungu, juu kidogo ya ziwa, kilichoitwa Baudouinville kwa kumbukumbu ya mwana wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji. Victor Roelens, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kongo ya Juu, aliufanya mji huo kiti chake, na akaendelea kuuongoza kwa mkono mzito mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1947. Ni huko Baudouinville ambako Kaoze alipadirishwa tarehe 21 Julai 1917, akiwa padri Mkatoliki wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. (Ufalme wa kale wa Kongo ulikuwa na mapadri wake tangu karne ya 16, jambo ambalo vitabu vya misheni vilisahau kwa urahisi.) Hata kabla ya upadri, mnamo 1910 na 1911, insha yake kuhusu saikolojia ya Wabantu ilichapishwa kwa Kifaransa katika jarida la Kibelgiji, nayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandiko ya mwanzo kabisa ya Mkongo kutolewa kwa lugha hiyo. Mtoto wa nchi iliyomtoa Lusinga alikuwa sasa akiwaeleza Wabelgiji namna watu wake wanavyofikiri. Kati ya kifo cha Lusinga na insha hiyo ilikuwa imepita miaka 26 tu.

Habari ya matibabu haikuwa na fahari kama hiyo. Ng'ambo ya ziwa, Karema ilikuwa na Adrien Atiman, aliyezaliwa kando ya mto Niger, akakombolewa utumwani, akafundishwa utabibu huko Malta, na kuwatibu watu wa ziwani tangu 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Upande wa Marungu ulipata pigo la malale mwanzoni mwa karne ya 20. Ugonjwa ulitembea kandokando ya maji, mahali mbung'o walipo, na vijiji vikahamishwa. Mtakatifu Louis ya Mrumbi ikaachwa, naye Joubert akahamia karibu na Baudouinville mwaka 1910. Kwa mtazamo wa utawala, nchi ya juu ilianza kuonekana kwa macho mapya: kule baridini hakuna mbung'o, watu hawafi kwa malale, na ng'ombe wanaweza kuishi.

Hapo ndipo Pepa inapoingia katika daftari za wakoloni. Katanga, pamoja na Marungu, ilikuwa chini ya Halmashauri Maalumu ya Katanga iliyoundwa mwaka 1900, ambayo ilikuwa na mamlaka ya kugawa ardhi. Nyanda zenye majani na hali ya hewa ya Ulaya zilikuwa kishawishi. Walowezi na makampuni walikuja na ng'ombe, na Pepa ikajulikana kwa ranchi kubwa, ile iliyokuja kuitwa Elgyma. Mji ukakua kwa kuzunguka zizi. Watawala wa Kongo ya Wabelgiji walizoea kutegemea mafiga matatu: dola, misheni na kampuni. Amri ya 1922 juu ya mikataba ya kazi iliwataka waajiri wawape wafanyakazi chakula, makao na matibabu; misheni zilipewa ruzuku za shule kuanzia miaka ya 1920; dola ilitoza kodi na kuwalazimisha watu watengeneze barabara. Mfanyakazi wa ng'ombe, kwa hiyo, alitibiwa kwa kuwa ni mfanyakazi, na mwanawe alisoma kwa kuwa ni mwanafunzi wa misheni. Mtabwa ambaye hakuwa mojawapo ya hayo mawili, na ambaye malisho ya kampuni yalikuwa yamechukua mawindo yake, alibaki na barabara ya kulima kwa jembe.

Tungependa msomaji alishike jambo hilo, kwani mara nyingi husikika leo kwamba wakati wa Wabelgiji kila kitu kilikuwapo. Vitu vingi vilikuwapo, lakini vilikuwa vya mtu fulani, na mlango ulikuwa na bawabu. Zaidi ya hayo, shule za misheni zilikuwa nyingi katika madarasa ya chini na chache sana juu yake. Kaoze alipofariki mwaka 1951, njia ya mtoto mwerevu wa Marungu ilikuwa bado ni ileile aliyoipita yeye: seminari.

Uhuru wa 1960 uliikuta nchi ikiwa katika hali hiyo. Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai 1960, kaskazini yake ikapinga kujitenga, na vita vikapita. Mwaka 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliushika mji wa Albertville, ndio Kalemie ya leo, kwa miezi michache. Enzi ya Mobutu ilileta majina mapya, Baudouinville ikawa Moba, na ikaleta pia maamuzi mawili yaliyogusa mizizi ya huduma. Mnamo Novemba 1973 mali za wageni, zikiwamo ranchi na mashamba, zilitangazwa kutwaliwa na kupewa raia wa Zaire. Mwaka 1974 shule za kidini zikatwaliwa na serikali. Shule zilirudishwa kwa makanisa kwa mkataba wa Februari 1977, kwa kuwa dola ilishindwa kuziendesha. Mali za kampuni zilikuwa na bahati mbaya zaidi, maana ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa harudishwi kwa mkataba. Kisha Moba ikashambuliwa mara mbili, Novemba 1984 na Juni 1985, na wapiganaji wa chama cha Laurent-Désiré Kabila waliotoka ng'ambo ya ziwa. Jeshi la Zaire liliurudisha mji kila mara, nao raia wakaonjeshwa shuku ya pande zote mbili.

Katika miaka hiyohiyo ndipo wenyeji walipoanza kubeba huduma mabegani mwao. Hazina ya dola ilipokauka, na hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi ndio waliowalipa walimu kwa mchango ulioitwa prime. Walimu waliokubali malipo hayo duni, mara nyingine kwa mahindi au maharagwe, walikuwa watoto wa shule za misheni. Wauguzi walikuwa ni walewale waliojifunza kazi kwa masista. Makatekista waliendelea kukusanya watu hata mahali ambapo padri alifika mara moja kwa mwaka. Hakuna jengo hata moja linaloweza kueleza kwa nini watoto wa nyanda za juu waliendelea kujua kusoma. Watu hao wanaeleza.

Vita vya 1998 vilipoanza, nyanda za Marungu zilikuwa kati ya pande mbili. Waasi wa RCD na jeshi la Rwanda walishika ufuko na milima. Serikali ya Kinshasa ilishika Pweto. Pepa, iliyokuwa imesahauliwa kwa muda mrefu, ghafla ikawa jina la kutajwa katika taarifa za kijeshi. Mnamo Oktoba 2000 majeshi ya serikali na washirika wake waliiteka. Waasi na Wanyarwanda waliirudisha mnamo Novemba, wakateremka kusini, na mwanzoni mwa Desemba Pweto ikaanguka. Maelfu kwa maelfu ya watu, na askari pamoja nao, walikimbilia Zambia. Kwa mji wa ng'ombe, kupitiwa na majeshi mara mbili katika msimu mmoja hakuhitaji maelezo marefu.

Wakimbizi walikaa hasa katika kambi za Mwange na Kala, kaskazini ya Zambia. Hapo huduma zilipata mwenyewe mwingine tena, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na mara nyingine tena kazi yenyewe ikafanywa na walewale: walimu wakimbizi wakawafundisha watoto wakimbizi. Watoto waliosikia Kibemba sokoni walisema Kiswahili nyumbani na kuandika Kifaransa ubaoni. Kurudi kwa mpango kulianza mwaka 2007, kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba. Hakukuwa kurudi kwa utulivu. Mnamo Agosti mwaka huo, uvumi juu ya nani hasa alikuwa akirudishwa ulisababisha ghasia mjini Moba, na ofisi za Umoja wa Mataifa zikashambuliwa. Kambi hizo mbili zilifungwa mnamo 2010.

Waliopanda tena mlimani walikuta madarasa bila mapaa na barabara iliyofunikwa na majani. Hata hivyo, walirudi na jambo ambalo babu zao hawakuwa nalo: walikuwa wameona zahanati inayofunguliwa kwa kila mtu, bila kuuliza ni mfanyakazi wa nani au amebatizwa wapi. Kwa maoni yetu, madai wanayoyatoa wakazi wa miji midogo ya Marungu tangu hapo yana sauti tofauti na maombi ya zamani. Teritwari ya Moba inahudumiwa na zoni mbili za afya, ya Moba na ya Kansimba, katika eneo lenye milima ambamo mgonjwa hubebwa kwa machela au kwa baiskeli. Elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Ikaondoa mchango wa wazazi, na ikawaacha mkono mtupu walimu wengi ambao majina yao hayakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Kwa mwalimu wa namna hiyo, prime ya mahindi ilikuwa angalau chakula.

Limebaki suala la lugha. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Huko Marungu mpangilio huo unaonekana wazi penye meza ya muuguzi. Mama mzee hueleza maumivu kwa Kitabwa, kwa kuwa maumivu yana majina yake. Muuguzi huandika kwa Kifaransa, kwa kuwa daftari linadai hivyo. Nao hukutana katika Kiswahili cha mapadri kilichochanganyika na kile cha sokoni, chenye maneno kama lopitali, mompere na masere. Wataalamu wetu wa isimu wamekiandikia sana Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu. Kile cha Kirungu, Mpala na Pepa, ambacho kilikuwa cha shule kabla ya hivyo viwili kuwa vya mji, kinasemwa hadi leo na wazee waliojifunza kusoma kwa katekisimu, na idadi yao inapungua kila mwaka wa mvua.